Anga Safi, Vumbi Jingi

"Mvua gani hiyo, jirani, mbona dada yangu anakaa kule kule mtoni na hajaona hata wingu?"

Swali hilo mke wa Fundi Dakika aliulizwa miaka kumi na tisa iliyopita, siku ya nne ya msiba, akiwa bado na kanga ya kilio kichwani. Aliyeuliza alikuwa jirani yake mshonaji, yule yule aliyeinamia cherehani asubuhi nzima ili mtoto azikwe na gauni jipya. Hakuuliza kwa shari. Aliuliza kama mtu anavyouliza bei ya nyanya. Lakini mama mfiwa alimtazama mpaka mshonaji akainamisha macho, kisha akamwambia maneno mawili tu: "Toka kwangu." Mshonaji akatoka, sindano yake bado imechomekwa kifuani.

Tangu siku hiyo kuombana chumvi kukafa. Ua lilikuwa moja, kamba ya kuanikia nguo ilikuwa moja, lakini salamu zikawa za midomoni, tena za kulazimishana. Mshonaji alifariki miaka miwili iliyopita. Mke wa Dakika alikwenda kumzika, akakaa safu ya nyuma kabisa, akaondoka kaburi halijasawazishwa.

Na yote hayo kwa ajili ya kumtetea mume.

Mume mwenyewe alikuwa fundi wa saa za minara. Mara nne kwa mwaka alibeba sanduku lake la vifaa, akapanda barabara ya zamani inayozunguka milimani, akapita miji minne yenye saa kubwa, akasafisha, akatia mafuta, akarudi baada ya wiki moja. Watu walimbandika jina la Dakika kwa sababu hakuwahi kuchelewa popote. Ukimwambia saa tatu, saa tatu yuko mlangoni anapangusa viatu. Maishani mwake alichelewa mara moja tu, na mara hiyo ilikuwa mazishi ya bintiye.

Binti huyo alikuwa kitinda mimba, miaka sita, mdogo wa umbo na macho ya duara, wakamwita Kitufe. Baba aliondoka Jumatatu akamwacha na homa ndogo, akambusu, akamwambia akirudi atamfundisha kusoma saa. Alhamisi jioni Kitufe akakata roho. Ijumaa alfajiri shemeji, mdogo wake Dakika, akawasha lori lake akaenda kumfuata kaka yake katika mji wa nne, mwendo wa saa tatu. Mazishi yalipangwa saa tisa. Mama akaomba wasubiri. Wakasubiri mpaka saa kumi. Akaomba tena. Saa kumi na moja wakubwa wakamshika mkono wakamwambia, binti yetu, jua linazama, mwache mtoto alale.

Dakika na mdogo wake walifika Jumapili. Walisema mvua kubwa ilishuka Ijumaa asubuhi, mto ukafurika ukafunika daraja mara tu lori lilipovuka, wakakwama upande wa pili siku mbili. Dakika alilia mpaka akapoteza sauti. Alisema alikaa juu ya mnara, dirishani, akiitazama barabara tu na maji.

Mke alimsamehe. Alimsamehe kwa mdomo, mbele ya watu, na alikuwa mcha Mungu wa kweli, si wa mapambo. Lakini kila alipofika mahali pa kusamehe katika sala zake, ulimi ulimganda. Kitu fulani hakikutaka kushuka. Miaka kumi na minane aliishi hivyo na mumewe, akampikia, akamfulia, akamuuguza, akamfumba macho. Na Dakika alipotimiza mwaka kaburini, mjane akasema: nitapanda ile barabara, nifike mji wa nne, nisimame kwenye lile dirisha. Nikiona alichokiona, nitamaliza msamaha wangu. Sitaki kufa na deni hilo mbele ya Mungu.

Wa kumpeleka alikuwa shemeji. Lori alishaliuza zamani, sasa ana gari dogo la rangi ya maziwa, na watu wanamwita Breki kwa sababu hukanyaga breki hata akiona kivuli cha kuku.

"Shemeji, miji mitatu inatosha," alisema asubuhi ya safari, akipanga mabegi. "Ule wa nne barabara imechoka. Tutaacha bampa njiani."

"Tutaliokota tukirudi," mjane akajibu, akaingia akafunga mkanda.

Barabara ilikuwa nzuri, hilo hata mwenye uchungu asingekataa. Ilipanda taratibu katikati ya misonobari, ikateremka kwenye mabonde yenye mahindi na ng'ombe wanaolala njiani kama wenye nyumba. Kuta za mawe zilizojengwa bila saruji zilifuata barabara maili nzima. Breki aliimba vibaya, akasimulia vichekesho vya enzi za lori, akamuuliza kila baada ya kona kama kichefuchefu hakijampata.

"Kikinipata utajua," mjane alisema. "Kiti ni chako."

Mji wa kwanza ulikuwa na soko la zamani lenye nguzo za mawe na paa la vigae vyekundu, na saa yake ilikaa juu ya lango la soko. Mwenye funguo alikuwa mwanamke wa makamo, muuza vitunguu. Aliposikia huyu ni mke wa Fundi Dakika aliacha mzani wake hewani.

"Mke wa Dakika! Kumbe alikuwa na mke mwenye umbo lako, ndiyo maana alikuwa anafanya haraka kumaliza! Ningekuwa mimi ningekuja naye."

"Alisema ngazi ni mbovu."

"Ngazi? Hizi hapa. Bibi yangu alizipanda na miaka themanini." Akamvuta mkono wakapanda. Breki alibaki chini. Alikuwa anaogopa mahali pa juu tangu utotoni, hata dari hapandi.

Juu kulikuwa na kabati refu la mbao, na ndani yake mtambo wa saa, magurudumu ya shaba yanayokwenda polepole kama wazee wanaotoka ibadani. Muuza vitunguu akafungua mlango wa kabati, akamwonyesha upande wake wa ndani. Ulikuwa umejaa maandishi ya penseli kuanzia juu hadi chini.

"Soma. Kila fundi akimaliza lazima aandike hapa. Siku, kazi aliyofanya, na hali ya hewa."

"Hali ya hewa ya nini?"

"Ya mafuta, mama. Baridi ikija mafuta yanakuwa mazito, vumbi likija yanakuwa uji. Fundi anayekuja lazima ajue ya mwenzake yaliingia siku ya namna gani. Mumeo alikuwa hakosei hata siku moja. Angeweza kukudanganya wewe, lakini hii hapana." Akacheka, akampiga bega.

Mjane akavaa miwani. Akaiona hati ya mumewe, ndogo ndogo kama sisimizi wanaohama. *Jumanne. Nimebadili kamba. Ukungu, baridi.* Mwaka ule, mwezi ule, alikumbuka: Dakika alirudi na kikohozi. *Jumatano. Nimesafisha. Mvua ndogo tangu asubuhi.* Safari hiyo alirudi na pazia jekundu lililolowa pembeni. Alisoma mpaka shingo ikamuuma. Ilikuwa kama kumsikia anaongea chumba cha pili. Aliteremka uso umemlainika hata Breki akaona.

"Umefurahi, shemeji."

"Nimemkuta," alisema.

Walilala nyumba ya wageni jirani na soko, kila mtu chumba chake, na asubuhi wakaendelea. Mji wa pili ulikuwa wa ukuta, ngome ya zamani iliyobaki upande mmoja tu, na saa imekaa juu ya lango walilokuwa wanapitia askari. Mji wa tatu ulikuwa na stesheni ambayo treni haipiti tena. Mbuzi wamejaa kwenye jukwaa la abiria, lakini saa inakwenda, inawapangia mbuzi muda. Kote alipanda, kote alifungua mlango wa kabati, kote alisoma. Hakutafuta tarehe fulani. Ile aliyokuwa anaijua kwa moyo aliiachia mji wake.

Kati ya mji wa tatu na wa nne ndipo ulipo mto.

Breki alikuwa ameacha kuimba. Alipoliona daraja aliongeza mwendo, yeye ambaye hupunguza mwendo akiona jani. Mjane akamshika mkono wa shati.

"Simama."

"Hapa pabaya kusimama, shemeji, ni njia nyembamba."

"Hakuna gari mbele, hakuna gari nyuma. Simama."

Akashuka. Lilikuwa daraja la mawe lenye matao matatu, refu kwenda juu. Alichungulia ukingoni. Maji yalikuwa chini kabisa, wanawake wanaofua walionekana kama vijiti. Akapima kwa macho: minazi miwili ukiipandisha mmoja juu ya mwingine isingefika. Akatazama nguzo ya mwanzo. Mwaka wa kujengwa ulikuwa umechongwa kwenye jiwe, tarakimu nne zilizoota ukungu. Mama yake mzazi alikuwa hajazaliwa.

"Shemeji, maji yalifika hapa juu?"

"Lile daraja jingine. Hili walilijenga baadaye."

"Limeandikwa mwaka."

"Basi labda walirudishia mawe ya zamani. Mimi si mjenzi." Alikuwa anajifuta jasho shingoni, na upepo wa pale ulikuwa wa kuvaa sweta.

Mjane akarudi garini. Aliweka mkoba wake magotini akaushika kwa mikono miwili, akaanza kusali kimya kimya, na alichoomba kilikuwa kifupi: Mungu wangu, nifanye niwe mwenye dhana mbaya. Nionekane mjinga. Nimkute alisema kweli.

Mji wa nne ulikuwa mzuri kuliko yote. Mtaa mmoja mpana uliotandazwa mawe, nyumba za roshani za mbao zilizopakwa buluu, posta ya zamani yenye sanduku la barua la chuma, na mwisho wa mtaa jumba la baraza na mnara wake mweupe. Mbele ya jumba palikuwa na mkahawa mdogo. Breki alisema yeye atasubiri hapo, miguu imekufa ganzi.

Mwenye funguo alikuwa karani mstaafu, mwenye tai, aliyeongea kana kwamba kila neno linapigwa muhuri. Alipanda mbele, akihesabu ngazi kwa sauti, na kwenye ya arobaini akasimama apumue.

"Saa hii, mama, ilikuwa maiti miaka thelathini. Mafundi wanne walishindwa. Mumeo ndiye aliyeifufua. Mji huu hautamsahau."

"Ilikuwa lini?"

"Utasoma mwenyewe. Mimi nikikutajia nitakuharibia."

Juu kulikuwa na dirisha. Lilitazama mtaa, na baada ya mtaa barabara, na mbali kule daraja, jembamba, kavu, juani. Mjane alisimama pale kidogo. Kisha karani akafungua kabati.

Aliitafuta kwa kidole. Hakuchukua muda.

*Ijumaa, 17 mwezi wa nane. Kengele imefungwa. Imegonga saa sita kamili mbele ya watu wote. Anga safi, kavu, vumbi jingi.*

Na chini yake:

*Jumamosi, 18. Nimeangalia mwendo. Haijapoteza hata dakika moja. Anga safi.*

Kidole kilibaki pale kwenye neno *safi*. Mtambo uliendelea kugonga, taka, taka, taka. Mjane alisoma tena, polepole, kama alivyofundishwa darasa la pili, silabi kwa silabi, huenda macho yameruka mstari. Hayakuruka. Huyu mtu aliweza kumwangalia mkewe usoni miaka kumi na minane, akalia machozi ya kweli, akaomba maji ya kunywa, akaeleza daraja, akaeleza matope. Lakini mlango wa saa alishindwa kuudanganya. Kwa sababu fundi mwingine angekuja, na mafuta yangeharibika.

"Siku ile ilikuwa siku," karani alisema nyuma yake, hana habari. "Mji mzima ulikuwa hapo chini. Tulimbeba mabegani mpaka uani."

"Una penseli?"

Karani akatoa mfukoni, akafurahi. "Andika, mama, andika. Familia ya fundi ina haki."

Mjane aliinama. Herufi zake zilikuwa kubwa na za duara, herufi za mtu aliyeacha shule mapema na hajawahi kuandika haraka. Akatafuta nafasi chini ya mstari wa Ijumaa, akaandika:

*Siku hii alizikwa binti yake, miaka sita. Saa kumi na moja jioni. Tulimsubiri.*

Akarudisha penseli. Karani alisogea kusoma, mdomo ukafunguka, tai yake ikapanda ikashuka. Mjane akateremka ngazi peke yake, na hakuzihesabu.

Mkahawani Breki alikuwa ameagiza chai mbili na maandazi. Alipoinua macho akamwona alivyokuja, alisukuma sahani pembeni.

"Umeona nini, shemeji?"

"Mafundi huandika hali ya hewa kule juu," mjane alisema, akakaa. "Hukujua?"

Breki akaugeukia mnara. Hakuwahi kupanda. Angejuaje?

"Ulimfikia saa ngapi?"

"Shemeji, mambo ya kale hayo, marehemu amelala..."

"Sijakuuliza marehemu. Nimekuuliza wewe. Lori lilimfikia saa ngapi?"

"Saa mbili." Sauti ilimtoka kama ya mtoto anayesomewa makosa. "Saa mbili asubuhi. Nilisimama chini nikamwita, akachungulia dirishani. Nikamwambia. Akashuka, akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa. Nakuapia alishika kichwa. Halafu akasema, wamealika watu, wamekuja wakubwa, miaka thelathini haijagonga. Ikigonga saa sita tu, tunaondoka. Tutamuwahi."

"Mngemuwahi."

"Tungemuwahi. Tungefika saa tisa kamili."

"Nilimweka mpaka kumi na moja."

"Najua."

"Ikagonga?"

"Ikagonga. Watu wakapiga kelele, wakamnyanyua. Nikamkonyeza, kaka, twende. Akasema dakika tano. Halafu wakatutia uani, wakatukalisha meza ya mbele, ingekuwa aibu kuinuka. Ikafika saa nane, saa tisa. Akanigeukia akaniambia, sasa wameshamzika. Nitamwambia nini mama yake? Na tukakaa tukitafuta cha kukwambia. Jumamosi tukatafuta. Mto ni mimi niliutaja, shemeji. Nisamehe. Yeye alitaka kusema lori limeharibika, nikamwambia watasema lori langu bovu." Alitaka kucheka pale, cheko likamkwama. "Alikupenda. Hakuna siku hakuniuliza, yule bibi unadhani anajua? Ilimla. Ilimla mpaka kaburini."

Mjane alitazama vikombe. Chai yake ilikuwa inatoa moshi. Akamkumbuka mshonaji na sindano yake kifuani, akitoka mlangoni kwa mgongo uliopinda. Miaka kumi na saba wameanika nguo kamba moja. Alifanya nini yule mwanamke, zaidi ya kuuliza juu ya wingu?

"Na mimi ndiye niliyekuwa naomba msamaha," alisema polepole. "Kila siku nikipiga magoti naomba msamaha kwa Mungu, kwa nini moyo wangu haumpokei mume wangu. Najiona mimi ndiye mwenye roho mbaya."

"Shemeji..."

"Nikuulize moja, nisikuulize tena."

"Niulize. Chochote."

"Siku ile, pale uani. Mlikula nini?"

Breki alipumua. Lilikuwa swali jepesi kuliko alilolitegemea, na kichwa chake kikalikimbilia kabla ya moyo kumzuia. "Walichinja dume. Kulikuwa na nyama ya kuchoma, na wali, na ile supu ya mifupa, yenye pilipili, kaka aliisifu akaongeza bakuli la pi..."

Mkono wake ulikuwa bado hewani, umekunjwa kama umeshika bakuli.

Juu ya mnara kengele ikaanza kugonga. Saa tisa. Iligonga vizuri, safi, kila pigo kwa wakati wake.

Mjane akachukua mkoba. Akasukuma kiti chake ndani ya meza taratibu, kama anavyofanya nyumbani. Akaweka sawa kanga mabegani, akapita mlangoni, akashika barabara ya mawe kuelekea stendi ya basi.